Tulimrudisha pomboo majini, akarudi tena

SWALI: Shikamoo, mzee. Mwezi uliopita hapa Pangani pomboo alikwama kwenye fungu la mchanga maji yalipokupwa. Tulikuwa vijana sita, tukamvuta mkia mpaka maji ya kifuani, akaenda. Robo saa haikupita, huyo, karudi palepale, na jioni akafa. Bibi yangu anasema aliamua kufa. Kweli wanyama hawa hujiua? Na sisi tulikosea wapi?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nisalimie bibi, ila kwa hilo simuungi mkono. Pomboo ana mapafu kama wewe. Akiishiwa nguvu, kwa maradhi, uzee au jeraha la wavu wa jarife, kinachomtisha ni kuzama. Maji mafupi humsaidia kuweka utosi juu, maana tundu lake la pumzi liko huko. Anayekwama peke yake na kurudi, mara nyingi ni mgonjwa. Huenda wenu alikuwa anatafuta pa kujiegemeza, nanyi mkamwondoa.

Kundi zima likikwama, hayo ni mengine. Nilikuwa Nungwi, kule Unguja, mwaka 2006, siku ile ya tarehe 28 Aprili, pomboo wapatao 400 walipokutwa wamekufa. Sijasahau ile harufu. Watu walikuwa wameshawapasua kutoa maini, wapate sifa, yaani mafuta ya ini, ya kupaka vyombo. Mvuvi haachi sifa ya bure. Wataalamu nao wakapasua, wakakuta matumbo matupu. Sumu hawakuiona, wala si njaa iliyowaua. Walikuwa pomboo wa kilindini, wageni wa maji ya pwani, na ilielekea walipotea wakazunguka muda mrefu wakitafuta njia. Mimi naongeza langu la kizamani: mwezi ulikuwa mchanga, bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida. Siku za bamvua ukiingia na maji yaliyojaa ukachelewa kutoka, saa sita baadaye uko mchangani, uwe pomboo au mashua.

Utauliza, mwenyeji wa bahari anapoteaje? Pomboo huona kwa masikio. Hupiga mlio, mwangwi ukirudi anajua mbele kuna nini. Jabali hurudisha mwangwi vizuri. Mchanga unaoshuka kidogo kidogo haurudishi cha kueleweka, kwa hiyo yeye anadhani mbele ni bahari tupu. Ndiyo maana kuna fukwe zinazowanasa kila mara. Farewell Spit kule New Zealand ni ulimi mrefu wa mchanga wa namna hiyo. Februari 2017 walikwama nyangumi zaidi ya 400. Tena ni watu wa ukoo hao, hawaachani. Mmoja akipanda mchangani akalia, wenzake wazima wanamfuata.

Nungwi minong'ono iliwaangukia Wamarekani na manowari zao. Haikuthibitishwa. Lakini msicheke, si uzushi wa kijiweni tu. Bahamas, Machi 2000, walikwama nyangumi na pomboo 17, na jeshi la maji la Marekani likakubali kwamba sonari za meli zake, mitambo ya kupiga sauti majini, zilihusika. Karibu na kwetu, Madagaska mwaka 2008, nyangumi wadogo wapatao 100 waliingia kwenye hori la Antsohihy. Jopo huru lilisema mwaka 2013 kwamba kilichowakurupusha, kwa uwezekano mkubwa, ni mtambo wa sauti wa kupima sakafu ya bahari.

Sasa kosa lenu. Mkia. Huo ndio mguu wake na usukani wake, na ukiuvuta unaumiza uti wa mgongo. Siku nyingine mlazeni juu ya turubai mumbebe, mmoja kila pembe na wawili katikati. Kama maji bado yako mbali, msihangaike kumburura. Mchangani uzito wake mwenyewe unayabana mapafu, na shahamu iliyo chini ya ngozi inamchemsha jua likiwaka. Chimbeni mashimo chini ya mapezi, mjaze maji, mumtilie kivuli, kelele zipungue, halafu mngojee maji yajae. Wakiwa wengi, warudisheni pamoja, la sivyo wa kwanza atageuka kuwafuata waliobaki.

Na nguo mbichi mgongoni, muimwagie maji kila mara. Kanga ya bibi inatosha kabisa, ila utosi muuache wazi.