Kabla hujawasha QoS (kupanga data ipi ipite kwanza) kwenye swichi, amua unamwamini nani

Hoteli moja ya Paje iliniita kwa ajili ya simu za ndani. Kila ikifika saa mbili usiku, sauti ya mapokezi inafika jikoni nusunusu. "Fundi, naagiza samaki changu, mpishi ananiletea pweza," dada wa mapokezi akanilalamikia. Meneja alishakuwa mbioni kununua intaneti kubwa zaidi. Nikamwomba asubiri, maana simu hiyo haitoki nje ya ukuta wa hoteli. Kilichozidiwa ni waya mmoja wa Mbps 100 baina ya majengo mawili: saa mbili ndipo kompyuta ya ofisi inapoanza kunakili mafaili ya siku kwenda kwenye seva iliyowekwa upande wa jikoni.

Swichi, yaani vifaa vinavyounganisha waya za mtandao, zilikuwa Catalyst 2960 za Cisco, za zamani. Nikaandika `mls qos`, amri ya kuwasha QoS, kwenye ile ya mapokezi, nikaondoka nimejaa raha. Usiku nikapigiwa: sasa hata nusu haifiki!

Sababu ni hii. Simu za mtandao hujiwekea alama zenyewe kwenye kila pakiti (kipande cha data) ya sauti. Alama hiyo inaitwa DSCP, inaanzia 0 hadi 63, na ya sauti kwa kawaida ni 46. Swichi hizo, QoS ikiwa imezimwa, huipitisha alama bila kuigusa. Ukiwasha, kila poti (tundu la waya) inahesabiwa kuwa haiaminiki na alama zote zinarudishwa sifuri. Juu ya hapo, bafa ya poti (nafasi ya pakiti kusubiri zamu) inagawanywa kwa foleni nne. Kwa hiyo sauti na mafaili vikasukumana foleni moja, tena yenye nafasi ndogo kuliko mwanzo. Ni kama mlinzi wa geti la bandari ya Malindi achane tiketi za watu wote, halafu aanze kuuliza nani wa daraja la kwanza.

Dawa yake ni kuamini simu, si poti. Kwenye poti za simu weka `mls qos trust device cisco-phone` pamoja na `mls qos trust dscp`. Simu ikichomolewa, imani inaondoka nayo. Usiandike `trust dscp` peke yake kila mahali kwa uvivu, kwani kompyuta yoyote inaweza kujiandikia 46 ikapita mbele ya wote. Poti za wageni ziache na sifuri yao. Waya wa kati uaminiwe ncha zote mbili, la sivyo swichi ya pili itafuta ulichopanga kwenye ya kwanza. Na usisahau `priority-queue out`, amri ya kutanguliza foleni ya sauti, kwenye waya huo. Mimi niliisahau, ikanigharimu safari nyingine ya Paje.

Simu za kampuni nyingine? Hapo ainisha kwa VLAN ya sauti (mtandao uliotengewa simu ndani ya swichi) au kwa namba za poti za UDP (namba ndani ya pakiti, si matundu ya swichi), lakini zisome kwenye simu yenyewe, usinakili za mtu. Catalyst 9000 huamini alama tangu mwanzo, kwa hiyo huko kazi ni kinyume: kuwavua alama wasiostahili.

Usipime mchana. Nilikaa mapokezi hadi saa mbili, nakala ikaanza, nikafungua `show mls qos interface statistics` nikaona 46 zinahesabika kutoka. Dada akaagiza changu. Kikaja changu.