Mlinzi kukurudisha getini kwa sababu ya dera

Pole, mama. Umesema ulimpeleka mtoto saa moja asubuhi ukiwa na dera na kitambaa cha kulalia kichwani, mlinzi akakwambia "mavazi hayo hayaruhusiwi", na sasa unauliza kama shule ina haki hiyo.

Si wewe wa kwanza. Mwaka 2016 mwalimu mkuu mmoja wa Darlington, Uingereza, aliwaandikia wazazi waache kuvaa pajama wanapoleta watoto. Mwaka 2019 sekondari ya James Madison, Houston, ikapiga marufuku kofia za satini (za kulinda nywele), rola za nywele na suruali za kubana kwa wazazi. Waliopinga walilalamika kuwa sheria hiyo inawalenga akina mama weusi, maana kofia ya satini ni ya nani kama si yao?

Mimi naona ofisini na kwenye kikao, sawa, shule iombe heshima. Getini, sikubali. Wewe unashusha mtoto, huombi kazi. Na dera lenyewe linafunika kuliko sketi za baadhi ya walimu (nisamehewe).

Usibishane na mlinzi, ametumwa tu. Nenda kwa mwalimu mkuu, omba uoneshwe sheria hiyo kwa maandishi na nani aliipitisha. Kama haipo, ipeleke hoja kwenye kamati ya shule, ukiwa na wazazi wawili watatu. Wakati unasubiri, tupia khanga begani, mtoto asikose namba. Usimsimulie ugomvi huo. Ataona aibu mbele ya wenzake.