Mama mkubwa hanitambui tena. Niendelee kwenda kumwona?

SWALI: Shikamoo Mama. Nililelewa na mama mkubwa tangu nikiwa na miaka 5. Sasa ana miaka 84, ana ugonjwa wa kusahau, na tangu alipoanguka bafuni yuko kwenye makao ya wazee, huu ni mwezi wa saba. Mwanzoni nilikuwa naenda kila Jumapili. Siku hizi nikimuuliza kama ananikumbuka ananikazia macho kama mgeni, halafu anaanza kuniomba nimrudishe nyumbani. Maneno yanatuishia dakika ya kumi, tunabaki tunatazamana. Jumapili iliyopita nilifika mpaka getini nikageuza. Mke wangu anasema najitesa bure kwa mtu ambaye nikitoka tu ameshasahau kwamba nilikuja. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akinikata kucha kila Jumamosi usiku, kidole kimoja kimoja, huku akiniimbia. Niendelee kwenda, au niwaachie wahudumu?

Mtoto wa mama mkubwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda.

Nimeuguza wazee miaka 22 kabla sijastaafu, na wanaogeukia getini nimewaona wengi. Sio watoto wabaya. Asiyempenda mzee wake hafiki hata hapo getini.

Mkeo anakuonea huruma, na nusu ya neno lake ni kweli. Ukishatoka, mama mkubwa huenda asikumbuke kwamba ulikuja. Ila utulivu unaomwachia hauondoki haraka hivyo. Nimeuona mara nyingi kazini: mzee aliyetembelewa asubuhi, mchana anakula bila kubembelezwa, anakubali kuogeshwa bila ugomvi. Ukimuuliza nani alikuja, anakwambia hakuja mtu.

Hilo swali la "unanikumbuka?" liache kabisa. Kwako ni kiu ya mapenzi, kwake ni mtihani ambao anafeli mbele ya mtu, na aibu yake anaihisi. Ugonjwa huu huanza kula mambo ya karibuni, ya zamani hukawia. Inawezekana kabisa kwamba wewe bado umo moyoni mwake, ila anamtafuta mtoto wa miaka 5 na mbele yake amesimama mwanamume mwenye ndevu. Jitambulishe kila ukiingia, kwa furaha, kama mara ya kwanza: "Shikamoo mama, ni mimi fulani, yule uliyenilea." Ukishasema hivyo vuta kiti ukae, macho yenu yalingane. Mtu aliyelala akizungumzishwa na mtu aliyesimama huona kama amesimamiwa na askari. Televisheni ikiwa inapiga kelele, omba izimwe.

Na akisema mrudishe nyumbani, usimbishie, wala usimdanganye kwamba ni kesho. Nilimuuguza bibi mmoja aliyeomba kwenda nyumbani kila jua lilipoanza kushuka. Siku moja nikaacha kumtuliza, nikamuuliza mlango wa nyumba hiyo ulitazama wapi. Akanieleza mpaka giza likaingia. Kumbe nyumba aliyoitaka ilikuwa ya baba yake, iliyobomolewa kabla mimi sijazaliwa. Hakuna gari ambalo lingemfikisha. Alichohitaji ni mtu wa kuingia naye humo kwa maneno. Wengi wenye ugonjwa huu huchanganyikiwa zaidi alasiri kuelekea jioni, kwa hiyo ukiweza nenda asubuhi. Na nusu saa mara mbili kwa wiki ina faida kuliko saa tatu za mara moja kwa mwezi.

Kuhusu ukimya, mwanangu, nani alisema lazima mzungumze? Tulikuwa na mama mmoja aliyeshika pindo la shuka kutwa nzima, analikunja, analipima kwa kidole gumba na cha shahada, analikunjua, anaanza upya. Wahudumu walidhani ni mahangaiko, wakawa wanamtoa mikono kwenye shuka. Binti yake alipotuambia kwamba mama alikuwa fundi cherehani, tukamletea vipande vya kitambaa. Akavipanga kwa rangi mpaka chakula cha mchana, uso umetulia. Waeleze wahudumu mama mkubwa alikuwa nani kabla ya kitanda hicho. Faili lao linaandika dawa tu.

Huko kwenda kwako pia ni macho yake. Wahudumu wana wazee wengi, hata wale wazuri hupitiwa. Angalia kama miwani ni safi na ni yake kweli. Kama ana kifaa cha kumsaidia kusikia, betri inafanya kazi? Nimewahi kukuta mzee anaitwa hasikii maneno, kumbe nta imejaa sikioni. Midomo ikiwa imekauka, muulize muuguzi kama anakunywa maji ya kutosha, maana uzeeni kiu hupungua hata mwili ukiwa unayataka. Ila usimnyweshe wala kumlisha kitu kabla hujauliza, wengine kumeza kumeharibika na kinaingia njia ya hewa. Tazama visigino na sehemu ya chini ya mgongo: wekundu au weusi usioondoka ni mwanzo wa kidonda cha kulala upande mmoja. Na ukimkuta amechanganyikiwa ghafla kuliko alivyokuwa juzi, usiseme ni uzee. Omba apimwe siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni maambukizi, ya mkojo kwa mfano, au dawa mpya, na hayo yanatibika.

Sasa nirudi kwenye zile kucha ulizoniandikia, kwa sababu ndipo barua yako iliponishika. Jumapili hii nenda na tupa ndogo ya kucha na taulo. Za miguuni waachie wauguzi, hasa kama ana kisukari. Za mikononi ni zako. Usitumie mkasi, ngozi ya umri huo huchanika upesi, wewe zisugue polepole tu. Kaa upande wa sikio linalosikia vizuri, weka mkono wake juu ya goti lako, anza na kidole gumba. Na ule wimbo aliokuwa akikuimbia, uanze wewe. Nyimbo hukaa ndani hata pale majina yameshatoka. Asipoitikia, endelea na kidole kinachofuata.