Pannukakku ya Kifini: acha unga ulivyo

Pannukakku ni chapati nene ya Kifini ya maziwa na mayai, inayookwa kwenye trei. Ukiutazama mchanganyiko wake kabla haujaingia oveni, mkono utakuwasha kuongeza unga. Usiongeze. Nimewaelekeza wifi zangu wa Tanga kwa simu, nimewaelekeza majirani hapa Tampere, Ufini, wengine Wakongo wa Kivu, wengine Watanzania wenzangu, na karibu kila mmoja hufika mahali akanipigia upawa ukiwa mkononi: "Dada, mbona hii maji?" Ndiyo, ni maji. Ndivyo inavyotakiwa.

Sisi tunapima kwa macho, na macho yetu yamezoea rojo la chapati za maji, lile linaloshuka polepole kutoka kwenye upawa. Pannukakku ni nyepesi zaidi ya hapo. Tena haikaangwi. Inamiminwa yote kwa mkupuo mmoja kwenye trei yenye kina, inaokwa, halafu inakatwa vipande vya mraba. Unene wake hauletwi na unga. Oveni ikiwa kali, maji yaliyomo kwenye maziwa yanageuka mvuke kwa haraka, mvuke unausukuma mchanganyiko juu, na mayai yanaganda na kuushikilia. Ndiyo maana hakuna hamira wala beking pauda. Nimeona mapishi yenye beking pauda, hata ya Wafini wenyewe, na sibishani na mtu jikoni kwake, ila ukiitia inakuwa kitu cha jamii ya keki, na ule ulaini wa katikati, unaotetemeka kidogo ukitikisa trei, unapotea.

Siku yake ni Alhamisi. Hapa Ufini, Alhamisi ni supu ya njegere kavu, hernekeitto, na baada ya supu ni pannukakku. Wenyewe wanaeleza kwamba desturi hii ilianza enzi za Ukatoliki: Ijumaa ilikuwa siku ya kufunga, kwa hiyo Alhamisi watu walikula cha kushibisha. Ulutheri ukaja katika karne ya 16, mfungo ukaondoka, supu ikabaki. Jeshini wanakula hivyo, mikahawa ya kazini inapika hivyo, na shuleni ratiba ya chakula haikai muda mrefu bila supu hiyo. Chakula cha mchana shuleni hapa ni bure kwa kila mtoto, kwa sheria ya mwaka 1943 iliyoanza kutekelezwa kikamilifu 1948, kwa hiyo Mfini akikwambia anaijua pannukakku, anaijua tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nafanya kazi kwenye jiko la mkahawa wa wafanyakazi, na Alhamisi foleni huanza mapema kuliko siku nyingine. Supu ya kawaida ina nyama ya nguruwe. Sisi tusiokula tunapikiwa sufuria ya mboga tupu, na haradali tunakoroga humo humo kama wao.

Haya, vipimo. Kwa trei moja kubwa ya oveni, yenye kingo za sentimita 3 au 4, chukua maziwa lita 1, mayai 4, unga wa ngano desilita 5, sukari vijiko vya chakula 3, chumvi kijiko 1 cha chai na siagi gramu 75. Wafini wanapima kwa desilita. Desilita 5 ni nusu lita, yaani vikombe 2 vile vya kupimia vya mililita 250. Unga uwe wa kawaida, usiwe ule uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani. Maziwa yawe na mafuta yake. Kama ni maziwa ya ng'ombe uliyoyachemsha nyumbani, yaache yapoe kabisa, maana yakiwa moto yataivisha mayai kwenye bakuli. Siagi iwe siagi. Majarini inaokea, lakini hapa siagi ndiyo ladha yenyewe, na harufu inayomtoa mtu chumbani kuja jikoni kuuliza kuna nini ni ya siagi.

Usimwage kila kitu kwa pamoja ukaanza kupambana na madonge. Piga mayai na sukari na chumvi kidogo tu, yachanganyike, hatutafuti povu. Tia kama robo ya maziwa, kisha unga wote, koroga kwa kipigio cha waya mpaka upate rojo zito lililo laini. Likiwa zito hivyo madonge yanavunjika yenyewe. Hapo ndipo unapomimina maziwa yaliyobaki, kidogo kidogo. Funika, acha nusu saa. Nusu saa hiyo si pambo: unga unakunywa maziwa na kuvimba, na ukirudi utakuta mchanganyiko umepata mwili kidogo. Kidogo tu. Bado utakuwa wa maji, na bado utatamani kuongeza unga.

Wakati unasubiri, washa oveni nyuzi 225, moto wa juu na chini. Kama yako inatumia feni, 200 inatosha. Sasa siagi. Weka trei tupu ndani ya oveni na siagi yote juu yake, toa trei siagi ikishayeyuka na kuanza kutoa sauti ya kuchemka, kabla haijageuka kahawia. Zungusha trei ili siagi ipite kila kona na kupanda kwenye kingo, halafu mimina nyingi ya siagi hiyo kwenye bakuli la mchanganyiko, koroga, ukiacha utando mzuri kwenye trei. Rudisha trei ndani dakika mbili tatu. Ukimimina mchanganyiko kwenye trei ya moto namna hiyo, utaona pembeni panaganda saa ile ile na siagi inaelea juu kwa madoa ya njano. Madoa hayo yaache. Ndiyo yatakayokuwa sehemu za kahawia, kavu na tamu, ambazo watoto watazigombania.

Wengi hapa huweka karatasi ya kuokea, na mkahawani kwetu tunaweka pia kwa sababu hakuna mwenye muda wa kusugua trei zote zile. Nyumbani siweki. Karatasi inazuia upande wa chini usikaangike kwenye siagi, na mimi upande wa chini ndio ninaoupenda.

Weka trei kwenye rafu ya katikati au chini yake kidogo, funga mlango, na uuache mlango. Dakika kumi za kwanza hutaona la maana. Kisha pembeni patainuka, halafu katikati yataanza kuvimba mapovu makubwa, moja huku, jingine kule, mengine ya ukubwa wa kiganja, yanapanda na kukaa juu yakitetemeka. Trei nzima inakuwa na vilima na mabonde. Mara ya kwanza mtu hudhani kimeharibika kitu. Hakijaharibika. Ila ukifungua mlango kabla ya dakika 20 kwa ajili ya kupiga picha, baridi itaingia na vilima vitalala kabla mayai hayajashika. Kwa jumla ni dakika 25 hadi 30. Imeiva ikiwa juu ina rangi ya dhahabu yenye mabaka ya kahawia, na pembeni pamejitenga na trei.

Ukiitoa, itashuka. Mbele ya macho yako, ndani ya dakika moja au mbili, vyote vilivyoinuka vitalala. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wifi yangu mmoja aliirudisha oveni akidhani haijaiva, akaipata kavu. Pannukakku hushuka, ya bibi wa Kifini hushuka, ya hotelini hushuka. Iache ipumue dakika kumi ndipo ukate. Ikiwa ya moto sana inararuka kisu kinapopita, na ladha ya mayai inatawala; ikipoa kidogo utamu wa maziwa unajitokeza.

Kwa walio nyumbani Afrika Mashariki, tatizo kubwa ni oveni na wala si viungo. Oveni nyingi za jiko la gesi zina moto wa chini tu. Humo chini itaiva na juu itabaki nyeupe. Kama una moto wa kuchomea juu, uwashe dakika mbili tatu za mwisho ukiwa umesimama hapo hapo. Oveni ndogo za mezani zinafaa sana, ila gawa vipimo kwa mbili na utumie trei inayoiacha pannukakku na kina cha sentimita moja na nusu hivi kabla ya kuiva. Ikiwa na kina zaidi ya hapo, katikati haiivi vizuri.

Wafini huila na jemu ya stroberi au ya rasiberi, na krimu iliyopigwa kama kuna wageni. Jemu zao za stroberi ni nyepesi, zina vipande vya matunda na zinamiminika, si ile ngumu ya kupaka mkate. Ukiwa nayo ile ngumu, ilegeze kwa maji ya moto na matone ya ndimu. Plamu za Lushoto zikiwa msimu wake, zichemshe na sukari kidogo mpaka zipasuke. Uchachu wake unaifaa pannukakku kuliko jemu yoyote ya dukani niliyowahi kuonja. Asali siipendi hapa. Utamu juu ya utamu.

Kuna ndugu yake ambaye nadhani sisi wa pwani tungeanzia kwake: ile ya Ahvenanmaa, visiwa vilivyo kati ya Ufini na Uswidi, vyenye utawala wa ndani, na watu wake wanaongea Kiswidi. Yao ina iliki. Kwanza unapika uji wa suji: lita 1 ya maziwa na desilita 1 ya suji, moto mdogo, ukikoroga mpaka uwe mzito, kisha unauacha upoe. Unatia mayai 4, sukari desilita 1, unga wa ngano desilita 2, chumvi kijiko 1 cha chai, iliki iliyotwangwa vijiko 2 vya chai, na siagi iliyoyeyushwa gramu 50. Oveni nyuzi 200, dakika 40 hivi. Wengine hutumia wali wa maziwa uliobaki badala ya suji, na mimi huo ndio ninaoupendelea. Wenyewe huila na rojo la plamu kavu zilizochemshwa na krimu juu yake. Zikikosekana, zabibu kavu zilizochemshwa mpaka zikavimba zinatosha. Iliki usinunue ya unga ya pakiti. Menya, twanga, tia. Na kwa kuwa hii ni nzito na haitegemei kuvimba, ndiyo ambayo ningeijaribu kwa makaa juu na chini, kwenye sufuria iliyopakwa siagi, kama nyumbani hakuna oveni.

Asiye na oveni kabisa wala hataki habari za makaa, apike lettu. Hizi ni nyembamba, zinakaangwa moja moja. Kuwa mwangalifu unapotafuta mapishi kutoka Amerika Kaskazini, maana jina la "chapati za Kifini" (Finnish pancakes) hutumika kwa vyote viwili: kule Michigan ya kaskazini utapata ile ya oveni, lakini Thunder Bay nchini Kanada, ambako mkahawa wa Hoito uliofunguliwa 1918 na wahamiaji wa Kifini ulijulikana kwa chakula hiki, zilikuwa nyembamba za kikaangoni. Za lettu ni maziwa desilita 6, mayai 3, unga desilita 3, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko 1 cha chakula, siagi iliyoyeyushwa gramu 50. Wengi huondoa desilita 1 au 2 za maziwa na kutia maji ya chupa yenye gesi, na unga wa shayiri ukipatikana unachukua nafasi ya sehemu ya ule wa ngano. Nusu saa ya kupumzika iko pale pale.

Hapa chuma chako cha chapati kinafanya kazi vizuri kabisa. Majira ya joto Wafini huzikaanga nje, kwenye chuma kipana cheusi juu ya moto wa kuni, na siri ni moto mkali na siagi isiyopimwa kwa hofu. Tia siagi, ngoja itulie povu lake, mimina upawa mmoja ukizungusha. Ukingo unatakiwa utoboke matundu madogo madogo na ukauke mpaka uvunjike ukiushika. Ukiona ukingo laini na mweupe, moto wako ni mdogo. Zile zenye mchicha nazo ni za kwao, za chumvi bila sukari, na watoto wasiogusa mboga huzila: mchicha uliochemshwa, ukakamuliwa sana, ukakatwakatwa, unakorogwa humo humo. Huliwa na jemu ya tunda dogo jekundu na chachu la porini, puolukka. Achari ya embe isiyo kali inafaa pia.

Pannukakku iliyobaki ifunike, weka kwenye friji. Kesho yake usiipeleke maikrowevu, italegea na kutoa maji. Ikate vipande vyembamba, vipashe kwenye kikaango na siagi kidogo mpaka pande zote mbili ziwe kahawia. Kuna watu, mume wangu mmojawapo, wanaopika trei nzima Alhamisi ili Ijumaa asubuhi wapate hivyo vipande na chai.