Bologna siku tatu na unataka mechi? Anza na basketi

Mkuu umesema uko Bologna siku tatu mwezi wa 11 na unataka mechi ya wenyeji, ila tiketi za Inter na Juve zimekushinda bei. Sasa kwa nini uhangaike na Milano au Torino wakati uliko ndo wenyewe wanapaita Basket City! Pale kuna Virtus na Fortitudo, ni kama Simba na Yanga ila kwa basketi, na mimi ningekushauri Fortitudo kwanza hata kama wenzao ndo wana makombe mengi, kwa sababu wanacheza PalaDozza, ukumbi wa zamani wa 1956 uko mjini kabisa, unatembea kwa mguu tu kutoka Piazza Maggiore, ule uwanja mkuu wa katikati ya mji, na wale mashabiki wao wa Fossa dei Leoni hawakai chini, ni ngoma na kuimba mpaka mwisho. Ila usivae nyeusi na nyeupe, hizo rangi za Virtus, utaangaliwa vibaya hahaha.

Ukipenda na mpira, Bologna FC wako uwanja wa Dall'Ara. Anzia Porta Saragozza, lango la zamani la mji, ufuate zile baraza za matao mpaka karibu na uwanja, mvua ikinyesha hulowi. Mgeni kaa Distinti, jukwaa la pembeni mwa uwanja, kule Curva nyuma ya goli waachie mashabiki sugu. Halafu tiketi ya Serie A inaandikwa jina lako, getini wanaweza kuiangalia na pasipoti, so usinunue ya mtu mtaani.