Usitie mafuta ya breki ya gari kwenye hiyo baiskeli

Mtoa mada, weka hiyo chupa chini kwanza. Mengine tutaongea baadaye.

Umeuliza mambo manne: springi ya nyuma kwa mtu wa kilo 68, upepo wa tairi, sevisi ya foki, halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, ukaandika kwamba breki zinazama mpaka zinagusa usukani na jirani yako mwenye gereji kakupa mafuta ya breki ya Noah uongezee. Mkuu, hapo umeficha msiba chini ya habari za harusi.

Kwa picha uliyoweka, hizo ni Shimano Saint, pistoni nne, diski kubwa. Breki za maana. Zinatumia mafuta ya minerali. Chupa ya jirani ni DOT 3 au DOT 4, ambayo ni glaikoli. Mipira ya ndani ya breki, zile sili, imetengenezwa kwa kufuata aina ya mafuta. Sili ya minerali ikikutana na glaikoli inavimba, inalainika, inaharibika. Ukigeuza, ukatia minerali kwenye breki ya DOT, nayo sili yake inavimba. Hakuna upande wenye nafuu.

Sasa nije kwa huyu hapo juu aliyekujibu "tia tu mkuu, mimi nilitia na inapiga kazi". Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na aliyeniambia hakuwa anadanganya. Ndiyo ubaya wenyewe. Siku za mwanzo breki inashika kuliko zamani. Hewa imetoka, mkono wa breki umekuwa mgumu, unajiona bingwa, unaingia mtandaoni kutoa ushuhuda. Sili inavimba kimya kimya wakati wewe unapokea "asante mkuu" kwenye uzi. Zikifa, hutarudi tena kuandika. Nani anapenda kuandika kwamba kajiulia breki?

Mimi narudi. Nicheki tu, na wewe unayetia maji ya bomba kwenye rejeta yako.

Fundi wangu alikuwa wa pikipiki, hodari kwelikweli, injini anaifungua akiwa anapiga stori. Nikamwambia nimesikia breki za baiskeli yangu zinataka mafuta ya aina yake. Akaniangalia kama nimeshuka kwenye ndege jana. "Kijana, breki ni breki." Nikaenda duka la spea, muuzaji akanihakikishia DOT 4 ndiyo hiyo hiyo minerali, "yote yanatoka kwenye petroli". Kasema huku ananirudishia chenji, na mimi nikaona mtu anayerudisha chenji hawezi kuwa mwongo. Chupa yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa. Glaikoli inanyonya unyevu wa hewani: DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 155. Hilo nalo hakuna aliyenitajia.

Nikaenda Lushoto. Wanaoijua njia ya kutoka msitu wa Magamba kushuka mjini wanajua, ule ni mteremko wa kukaa kwenye breki muda mrefu. Nusu ya kwanza raha tupu. Halafu breki ya nyuma ikaanza kujishika yenyewe, sijaigusa.

Nikueleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wanapotea. Sili za kwenye kalipa, kile chuma kinachobana diski, zina kazi mbili: kuzuia mafuta yasivuje, na kuirudisha pistoni nyuma ukiachia mkono. Ikivimba haiirudishi tena, pedi zinabaki zinasugua diski. Kule juu kwenye mkono kuna katundu kadogo kanakoruhusu mafuta yaliyopata moto yapande kwenye katangi. Sili ya pale ikivimba inakaziba. Sasa mafuta yanapanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pistoni, pedi zinabana zaidi, joto linaongezeka, mafuta yanapanuka zaidi. Baiskeli inajifunga breki yenyewe mpaka diski inabadilika rangi. Halafu yanachemka, mvuke unaingia kwenye hozi, na hapo unavuta mkono unagusa usukani, hakuna kitu.

Ya nyuma ilifika hatua hiyo, nikahamia ya mbele. Ya mbele nayo ilikuwa imekunywa chupa ile ile.

Nilichagua shamba la kabichi. Mama mwenye shamba aliniuliza kwanza kama nimeumia, akanipa pole, akanisaidia kuinuka, halafu akaanza kuhesabu kabichi. Nililipa zote, hata zile ambazo naamini zilikuwa zimelala kabla sijafika.

Ungedhani nilirudi na akili. Nilirudi kwa fundi yule yule! Akasema tutaosha mfumo kwa petroli. Petroli, mkuu, kwenye mpira. Kama kulikuwa na sili moja iliyokuwa bado inapumua, pale ndipo ilipozikwa. Mafuta yaliyomwagika yakamenya rangi ya fremu, maana DOT ni adui wa rangi. Pedi zikalowa, na pedi ikishanyonya mafuta huna cha kuokoa, tupa. Mikono miwili, kalipa mbili, hozi, pedi, vyote vipya, vikaja kwenye begi la ndugu yangu kutoka Ujerumani ambaye mpaka leo ananikumbusha uzito wake. Kachupa ka minerali ka mililita 100 kangemaliza kila kitu.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujafungua skrubu hata moja, soma kifuniko cha katangi kwenye mkono wa breki. Kimeandikwa "Mineral Oil" au kimeandikwa DOT. Usikisie kwa jina la kampuni. Shimano na Magura ni minerali, Hope ni DOT, lakini SRAM wana zote mbili: Code ni DOT, Maven ni minerali. Soma kifuniko. Kama kimefutika, tafuta modeli mtandaoni usome waraka wa kiwandani, usimuulize mtu, hata mimi.

Na kwa kuwa yako ni mtumba, usiamini kifuniko peke yake, huenda huko ilikotoka ilikutana na fundi wa aina ya yule wangu. Toa tone moja la mafuta yaliyomo, lidondoshe kwenye glasi ya maji. Minerali inaelea juu. DOT inachanganyika na maji inapotea. Rangi isikudanganye. Ya Shimano ikiwa mpya ni nyekundu nyekundu, ikizeeka inakuwa kama chai na huwezi kuitofautisha na chochote.

Ikielea, basi huenda shida yako ni hewa tu au pedi zilizoisha. Zitoe hewa kwa mafuta yake, maliza. Ikipotea, usiende hata dukani na hiyo baiskeli.

Mwenye wazo la kutia mafuta ya kupaka watoto kwenye breki, nimekuona. Ndiyo, mengi ni minerali kweli, lakini yana manukato na hakuna aliyeyapima kwa ajili ya pistoni. Mpake mtoto.

Springi: vaa kila kitu chako, kaa juu, pima shokapu inazama kiasi gani. Asilimia 30 hadi 35 ya mwendo wake. Yenye mwendo wa milimita 75 izame 22 hadi 26. Kama unalazimika kukaza ile ringi inayobana springi zaidi ya mizunguko miwili ndipo ifike, hiyo springi si ya kilo zako, badilisha. Tairi ya mbele iwe na upepo pungufu kidogo kuliko ya nyuma. Foki sijui ulitaka nini hasa, nimeshasahau na sirudi juu kusoma.

Piga picha kile kifuniko, karibu, kwenye mwanga, uiweke hapa. Na chupa ya jirani mrudishie leo, ana Noah inayoihitaji.