Usimfiche mtoto msiba wa baba yake

Newala, 20 Juni 2008

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama mwendelee kumwambia mtoto wa marehemu shemeji yako kwamba baba yake bado yuko kazini Johannesburg, mpaka atakapokua, kwa kuwa ana miaka saba tu na maiti haikuletwa. Nakuomba msifanye hivyo.

Mimi nilikuwa na umri huo huo tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, kwetu Msumbiji, kuonana na gavana. Baba alikwenda asubuhi, hakurudi. Tulipovuka Ruvuma, bibi yako aliniambia kwamba baba yuko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, nami nikasadiki, maana wanaume wengi wa kwetu walikuwa huko. Kwa miaka miwili kila lori lililopanda mlima wa Newala lilinikuta barabarani, nikikagua miguu ya wanaoshuka, kwani baba alikuwa amekatika kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Ukweli niliupata kwa mtoto mwenzangu tulipogombania embe: "Wewe Mmawia, baba yako aliuawa na Wareno!" Mmawia ndivyo walivyotuita sisi Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka ule ule nikapelekwa hospitali ya misheni Ndanda na kidonda, na mtawa wa Kizungu alipoanza kunifunga bandeji nikamng'ata mkono mpaka akatoka damu. Bibi yako alisema alinificha ili nipate usingizi. Sikumlaumu, ila matanga ya baba yalipita mimi nikicheza uani.

Basi mwambieni kabla ya arobaini, kwa neno "amekufa", si "amesafiri". Mwambieni kwamba aliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra, huko huko Johannesburg, tarehe 11 Mei, ambayo yameua watu zaidi ya 50, na kwamba waliomuua walimwita makwerekwere, tusi lao kwa Waafrika wa nchi nyingine, kwa sababu alitoka Msumbiji. Atauliza kwa nini watu weusi kama baba yake wamfanyie hivyo. Hapo ni pagumu kuliko kwangu, maana mimi adui yangu nilimjua kwa rangi. Msimtungie jibu. Mwambieni pia kwamba aliyelihifadhi begi la baba yake na kulituma ni jirani, mwenyeji wa huko huko.

Mama yako nami tutafika Lindi Alhamisi. Msimnyoe mtoto kabla sijafika. Nataka akae nami mkekani.

Baba yako